Kasi ya Kuchoma na Utamu wa Sauti

Yeyote aliyewahi kumpelekea fundi wa kompyuta CD tupu ajaziwe nyimbo ameupata ushauri huu: mwambie achome taratibu, akiharakisha sauti itatoka kavu. Ushauri huo ulizunguka Kariakoo na River Road miaka na miaka, lakini haukuwa wa kwetu peke yetu. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Japani, wenye amplifaya za bei ya gari, nao walibishana juu yake kwa ukali. Baadhi yao walivuka mpaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwapo watu waliopaka wino wa kijani kwenye ukingo wa CD zao, wakiamini kwamba wino huo unameza mwanga wa leza unaopotea pembeni na hivyo kuisafisha sauti. Mwanga wa leza ya CD hauonekani kwa macho. Urefu wa wimbi lake ni nanomita 780, nje kidogo ya wekundu wa mwisho tunaoweza kuuona, na hata kama wino ungeumeza wote unaofika ukingoni, namba zinazosomwa katikati ya diski zingebaki zilezile.

Hata hivyo, swali lenyewe si la kipuuzi. CD moja imetoka kiwandani, nyingine umeichoma mezani kwako, na wewe unaapa kwamba ya pili haina besi. Kuna kitu kimetokea. Mimi naona leza tunaitupia lawama zisizo zake: katika safari yote ya wimbo, kuchoma ndiyo hatua yenye hatia ndogo kuliko zote. Sauti huharibika kabla leza haijawashwa, au miaka mingi baada ya kuzimwa.

Ndani ya CD hamna sauti, mna namba. Wimbo unapoandaliwa, nguvu ya wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huchaguliwa ngazi moja kati ya 65,536. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Hiyo 44,100 huwakera wanaopenda namba nzima nzima: kwa nini isiwe 40,000 au 50,000? Sehemu ya jibu ni hisabati ya Harry Nyquist na Claude Shannon. Ili uunase mtetemo bila kuupoteza, inabidi uupime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake, na sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Sehemu iliyobaki ni historia ya vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hapakuwa na hifadhi ya kompyuta ya bei nafuu yenye nafasi ya kubeba muziki wa namna hiyo, basi wahandisi wakaziweka namba kwenye mikanda ya video, zikiwa zimevishwa sura ya picha ya televisheni. Kwa mfumo wa Marekani na Japani, sampuli 3 kwa kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde: 44,100. Kwa mfumo wa Ulaya, sampuli 3, mistari 294, mara 50: 44,100 ileile. Philips na Sony walipokubaliana viwango vya CD mwaka 1980, namba hiyo ikapita nao.

Kiwandani, namba hugongwa kwenye plastiki ya polikaboneti kwa muhuri wa chuma. Hutokea vishimo vyenye upana wa nusu mikromita hivi, vimejipanga kwenye mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje kwa zaidi ya kilomita tano. Juu yake hupakwa alumini, juu ya alumini lakaa, juu ya lakaa maandishi. CD tupu unayonunua dukani haina vishimo. Ina mfereji uliochongwa tayari, safu nyembamba ya rangi ya kikemikali, kisha fedha au dhahabu ya kurudisha mwanga. Leza ya kuchomea, yenye nguvu kuliko ya kusomea, huunguza madoa kwenye rangi hiyo. Baadaye leza ya kusomea ikipita inakuta panapong'aa na pasipong'aa, na haina haja ya kujua kama giza hilo ni kishimo au ni doa. Kampuni ya Kijapani ya Taiyo Yuden ndiyo iliyofungua njia hii mwaka 1988.

Sasa tuje kwenye kasi. Achome haraka au polepole, fundi anaandika namba zilezile kwa mpangilio uleule. Kinachobadilika ni unadhifu wa madoa. Doa lenye kingo zisizo kali, au lililo refu kidogo kuliko inavyotakiwa, huifanya leza ikosee kusoma hapa na pale. Wengi wakisikia hivyo hudhani ndipo utamu unapopotea. Wasichojua ni kwamba makosa ya kusoma yapo hata kwenye CD mpya kabisa ya kiwandani, na kwamba waliobuni CD waliyatarajia tangu siku ya kwanza. Mashine husoma vifungu 7,350 vya data kila sekunde, na viwango rasmi vinaruhusu hadi vifungu 220 kati ya hivyo viwe na kosa. Mia mbili na ishirini, kila sekunde, na diski bado inahesabiwa kuwa nzima! CD iliyochomwa vizuri nyumbani huwa chini ya hapo kwa mbali.

Siri iko kwenye kazi ya wanahisabati wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, waliochapisha njia yao ya kusahihisha makosa mwaka 1960, CD ikiwa haijawahi kuotwa na mtu. Pamoja na namba za muziki huandikwa namba za ziada, zilizokokotolewa kutokana na zile za muziki, ili chache zikipotea ziweze kurudishwa kwa hesabu. Kisha namba zote hutawanywa, jirani na jirani wasikae pamoja. Fikiria kitabu ambacho herufi za kila ukurasa zimesambazwa kwenye kurasa mia. Panya akila ukurasa mzima, kila ukurasa wa asili umepungukiwa herufi moja moja tu, na msomaji anaijaza bila kusita. Kwa hesabu ya CD, pengo la biti 4,000 hivi zinazofuatana, sawa na milimita mbili na nusu za mstari, hujazwa lote.

Na kujazwa hapa si kukisia. Mashine hupata namba ileile iliyokuwa imeandikwa, biti kwa biti. Ndiyo maana CD haichakai kama kaseti. Wazee wa Mombasa waliokuwa wakinakili kaseti za taarabu wanajua ilivyokuwa: nakala ya kwanza ina mvumo kidogo, ya pili mvumo umezidi, na ukifika ya nne fidla inasikika kama iko chumba cha pili. Kwa CD, nakala ya nakala ya nakala inaweza kuwa sawa kabisa na ya kwanza, mradi kila mara kusoma kumefanikiwa.

Kusoma kukishindwa kabisa, mashine huingia hatua nyingine. Namba iliyopotea hubuniwa kwa kuangalia iliyotangulia na inayofuata na kupita katikati yake. Hapo kweli tumeacha ukweli na kuingia makisio, ingawa kwa namba chache sikio halitambui. Zikipotea nyingi, mashine hunyamaza kwa muda au hutoa mlio wa "tik". Angalia basi dalili za diski iliyochomwa vibaya: kukwama, kuruka, mlio, ukimya. Kupungua kwa besi hakumo kwenye orodha hiyo. Hakuna kosa la leza linaloweza kupita kwenye mamilioni ya namba likichagua zinazobeba besi na kuziacha za kinanda.

Wabishi wa hali ya juu watakuja na hoja ya wakati: madoa yasiyo sawa huifanya leza ipokee namba mapema au kwa kuchelewa kidogo, na muziki ukiyumba kiwakati unapoteza utulivu. Hoja hiyo ina akili kuliko ya wino wa kijani. Lakini namba zikitoka kwenye diski haziendi moja kwa moja kwenye spika. Huingia kwanza kwenye hifadhi ya muda, na hutolewa humo kwa mapigo ya saa ya fuwele iliyo ndani ya mashine. Mota ya diski ndiyo inayopunguza au kuongeza mwendo ili hifadhi hiyo isijae wala kukauka. Mashine iliyobuniwa hovyo inaweza kuruhusu kelele za umeme wa mota kuvuja hadi kwenye sauti, hilo silikatai. Dawa yake ni mashine bora, wala si kumsubirisha fundi saa nzima.

Nadhani ushauri wa kuchoma taratibu ulitokana na shida halisi ya miaka ya 1990. HP walipotoa mashine yao ya 4020i mwaka 1995 kwa bei chini kidogo ya dola 1,000, kuchoma nyumbani kulianza kuwa jambo la watu wa kawaida, walau wa nchi tajiri. Ilichoma kwa kasi mara mbili tu ya ile ya kusikiliza, na bado kompyuta za wakati huo zilihema. Leza haiwezi kusubiri. Data ikichelewa kufika, doa linalofuata halina cha kuandikwa, na diski yote inakuwa ya kutupwa. Kupunguza kasi kuliokoa diski nyingi. Karibu na mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta mbinu ya kusimamisha leza na kuiendeleza palepale ilipoachia, wengine wakafuata kwa njia zao, na shida hiyo ikaisha. Ushauri ukabaki.

Leo kuchoma kwa kasi ya chini kabisa kunaweza kudhuru. CD tupu za miaka ya karibuni zimetengenezwa na safu ya rangi inayotarajia leza kali ipitayo upesi, na draivu nazo hubeba kwenye kumbukumbu zao maelekezo ya kila aina ya diski: nguvu kiasi gani, kwa muda gani, kwa kasi ipi. Ukiilazimisha diski ya mara 52 ichomwe kwa mara moja au mbili, kama draivu itakubali, unaipeleka mahali ambapo hakuna aliyeipima. Upande wa pili, mara 52 huizungusha diski karibu mizunguko 10,000 kwa dakika, na kitu kidogo tu, kama lebo ya karatasi iliyobandikwa upande, kinatosha kuitikisa. Mimi huchagua kati, mara 16 au 24. Dakika tano hivi, na hakuna cha kujutia.

Basi utamu ulikwenda wapi? Mara nyingi haukuwahi kufika. Nyimbo nyingi zilizochomwa mitaani hazikutoka kwenye CD nyingine bali kwenye mafaili ya MP3. (Kwamba kuuza nakala hizo ni kumwibia msanii ni jambo ambalo makala hii hailipingi.) Wimbo wa dakika nne kwa kiwango cha CD hula baiti milioni 42. Ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, milioni nne zinatosha. Hizo nyingine hazikubanwa tu, zimetupwa. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa Ujerumani walijenga njia hiyo juu ya udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, na kinachofunikwa si lazima kuandikwa. Ni kazi ya kiakili inayostahili heshima, na kwa viwango vya juu, kilobiti 256 au 320, watu wengi hawawezi kuitofautisha na CD wasipoambiwa ipi ni ipi. Kwa 128, tena kwa programu za zamani, mambo ni tofauti. Nyingi hukata kila kitu kilicho juu ya mitetemo 16,000 hivi kwa sekunde. Na mlio unaoanza kwa ghafla huzitesa zaidi, kwa sababu MP3 hufanya hesabu zake kwa vipande vya muda, na makosa ya kipande husambaa hata kabla ya mlio wenyewe kuanza.

Taarabu ya Unguja inaumia hapa kuliko muziki mwingi. Ala ya kanuni ni midonoo mitupu, kila mmoja ukianza kwa ncha kali. Vijitasa vya tari iitwayo rika ni msururu wa milio ya juu isiyotulia. Makofi ya hadhira ndiyo mabaya kabisa, hugeuka kuwa kitu kama mafuta yanayokaangizwa. Mtu akisema CD yake ya kuchoma inamfanya mpiga kanuni aonekane amevaa glavu, mwamini, kisha muulize faili lilitoka wapi.

Programu ya kuchoma haisemi chochote kuhusu hilo. Ukiipa MP3 itaifungua na kuandika biti zake zote 1,411,200 kwa sekunde, na diski itaonekana imekamilika, dakika kwa dakika. Kilichotupwa hakikurudi. Mtu mwingine akiichukua diski hiyo, akaigeuza tena kuwa MP3 ili aitume kwa simu, kinatupwa kingine juu ya kile cha kwanza, na hapo tumerudia hadithi ya kaseti kwa njia ya kisasa. Ukitaka kumkamata mwongo, fungua wimbo kwenye programu ya bure ya Audacity na uangalie mchoro wake wa masafa: palipokatwa pataonekana kama ukuta ulionyooka, juu yake giza tupu. Kuna pia hila ndogo ya kusawazisha sauti, ambayo programu nyingi za kuchoma huiwasha kwa kubofya mara moja. Inapandisha au kushusha nguvu ya nyimbo zote, na sikio la binadamu likipewa nakala mbili hupenda yenye nguvu zaidi, hata ikiwa zaidi hiyo ni chembe. Nashuku mabishano mengi ya usiku kuhusu CD ipi ni tamu yangeisha kama mtu angesogeza kitasa cha sauti.

Anayenakili kutoka CD halisi naye ana mtego wake, na wengi hawaujui. CD ya dakika 80 ukiijaza mafaili ya kompyuta inabeba baiti 737,280,000. Ukiijaza muziki inabeba 846,720,000. Diski ni ileile! Tofauti imetokana na kwamba faili la kompyuta haliruhusiwi kupoteza hata biti moja, kwa hiyo hupewa anwani sahihi na ulinzi wa pili juu ya ule wa Reed na Solomon. Muziki ulinyimwa ulinzi huo wa pili ili dakika ziongezeke, kwa kuwa ulikusudiwa kusikilizwa, na namba moja ya kubuni katika elfu arobaini na nne haimkoseshi mtu usingizi. Kompyuta inapousoma muziki huo kama data inaweza kukosea mahali pa kuanzia, au kupokea namba zilizobuniwa bila kukuambia. Programu kama Exact Audio Copy na cdparanoia ziliandikwa kwa ajili hiyo: husoma sehemu yenye shaka tena na tena hadi majibu yapatane. Zinachosha kwa kwenda polepole, na hapa ndipo upole unapolipa, kwenye kusoma, si kuchoma.

Ukiwa na onyesho la ukumbini au mseto wa DJ usiokatika, chagua pia kuchoma diski yote kwa mkupuo mmoja. Kuchoma wimbo mmoja mmoja huacha ukimya wa sekunde mbili katikati ya shangwe.

Upande wa vichezeo vya CD, gari la mtumba kutoka Japani limetufundisha mengi. Bendi ya FM ya Japani kwa miongo mingi iliishia megahezi 90, wakati stesheni za huku ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo wenye magari hayo walitegemea CD kuliko walivyopenda. Wakagundua kwamba kichezeo kinaisoma ya kiwandani, kinaisoma ya kuchoma, lakini ile ya kufutika na kuandikwa upya kinaitema. Sababu ni mwanga. CD ya kiwandani hurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga wa leza, ya kuchoma hukaribia hapo, ila ya kufutika, inayotumia mchanganyiko wa metali badala ya rangi, hurudisha kati ya 15 na 25 tu. Kichezeo cha zamani hakijui hata kama kuna diski ndani.

Gari ndilo pia kaburi la CD nyingi. Rangi inayoungua kwa leza haichagui mwanga; jua la dashibodi nalo huibadilisha, taratibu, madoa na yasiyo madoa yakazidi kufanana. Aina ya rangi ina uzito hapa kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi: sayanini, yenye rangi ya kijani au samawati, ndiyo dhaifu zaidi kwa mwanga, azo ya buluu nzito ni imara kuliko hiyo, na fithalosayanini, inayokaribia kutokuwa na rangi, ndiyo inayodumu zaidi, hasa ikiwekewa dhahabu isiyoshika kutu. Joto na unyevu wa pwani huongeza kasi ya yote. Diski haikuonyi mapema. Makosa yanapanda mwaka hadi mwaka na hesabu inayasahihisha yote, unasikia muziki safi kabisa, hadi siku mpaka wake unapovukwa na wimbo wa mwisho, ulio karibu na ukingo, unaanza kukwama.

Kwa hiyo mwenye boksi la CD za harusi na za marehemu wajomba walioimba kwenye vikundi asisubiri zianze kuruka. Azihamishie kwenye kompyuta kwa programu makini, azihifadhi kama FLAC, ambayo hubana bila kutupa. Diski inayogoma kwenye draivu moja mara nyingi hukubali kwenye nyingine, hivyo ajaribu ya jirani kabla ya kukata tamaa. Asiandike juu yake kwa kalamu yenye kemikali kali wala asiilaze kifudifudi kwenye meza yenye mchanga: upande wa chini una ngao ya plastiki zaidi ya milimita moja, upande wa maandishi una lakaa tu, na mkwaruzo unaopenya hapo unang'oa fedha pamoja na wimbo. Ikiwa chafu chini, aifute kwa kitambaa laini kutoka tunduni kwenda ukingoni, moja kwa moja, wala asifuate mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia hugusa kila mzingo kwa sehemu ndogo ya milimita na kusahihishwa. Unaoifuata njia huvuka zile milimita mbili na nusu mara moja.